Maneno ya Mama Njiani

Kwetu kuna lori lililomzika babu yangu, na likiendelea hivi litatuzika sote. Babu alilinunua likiwa tayari limechoka mikononi mwa mtu mwingine, akalipa jina la Shangazi kwa sababu, alisema, lilikuja kwa kelele, likataka heshima, na halikuondoka tena. Lina boneti ndefu ya kijani iliyopauka, na bodi ya mbao iliyobadilishwa ubao mmoja mmoja mpaka hakuna hata ubao mmoja wa mwanzo uliobaki. Kiti ni kimoja, kirefu, cha watu watatu, kimeshonewa gunia. Mlango wa abiria tunaufunga kwa waya.

Juu ya kioo cha mbele Babu aliandika kwa mkono wake, kwa rangi nyeupe: USIZUNGUMZE NA DEREVA. Nyumbani kwetu kulikuwa na sheria nyingi na tulizivunja karibu zote, lakini hiyo hapana. Ukifungua mdomo ndani ya Shangazi unashushwa, unatembea. Mimi nimetembea sana. Baba hakuniita Pilipili bure.

Baba alilirithi lori kwa Babu, na kila Jumanne na Ijumaa alipakia viazi na kabichi akazipeleka ghala la ushirika mjini. Kwa gari la watu ni saa moja, kwa Shangazi ni saa moja na nusu ukimwomba Mungu. Baba alikuwa na miaka sabini na minne. Kaka yangu mkubwa, fundi wa lifti huko mjini, alinipigia simu kila Jumapili na wimbo wake ulikuwa mmoja: mzee amezeeka, wewe ndiye uliye naye hapo shambani, mnyang'anye ufunguo. Ni rahisi kusema hivyo ukiwa mtu ambaye kazi yake ni kupanda na kushuka kwa kubonyeza kitufe.

Sikuwa tayari, na sababu ninayo. Babu alipozeeka aligonga kona ya stoo ya mbegu, na Baba, kwa hasira na hofu, akamtia mkono mfukoni akautoa ufunguo mbele ya vibarua. Babu hakugomba. Aliingia chumbani kwake, na tangu siku hiyo hakuukanyaga tena udongo wa shamba, hata mavuno yalipokuja. Aliishi miaka mitatu zaidi akitazama ukuta. Baba alituambia habari hiyo mara moja tu, tukiwa wakubwa. Alisema, "Nilitaka lori nikapata lori. Baba yangu sikumpata tena."

Basi nilijiapiza kwamba mimi sitanyang'anya. Nitangoja nipewe. Nililitaka lile lori, sitaficha, nililitaka tangu miguu yangu haijafika kwenye klachi. Lakini nilimtaka Baba zaidi, na kila Jumanne na Ijumaa niliomba siku isije nikalazimika kuchagua.

Na Mama je? Mama niliyemjua utotoni alikuwa mtu wa "ndiyo" na "hapana", na hapana yake mara nyingi ilikuwa ya kichwa. Wageni walidhani ana maringo. Hakuwa na maringo, alikuwa tu hana haja ya maneno. Kisha, miaka miwili iliyopita, akiwa na miaka sitini na minane, akaota ulimi. Ghafla akasema amechoka kukaa nyumbani, atakuwa anamsindikiza Baba mjini, na humo ndani ya Shangazi, chini kabisa ya maandishi ya Babu, akawa anaongea kuanzia getini hadi ghalani. Nilipanda nao mara mbili tatu nikasikia mwenyewe.

"Huyu fundi cherehani naye, kaanika vitambaa vyake mpaka barabarani, upande wangu huku, utadhani barabara kaachiwa na baba yake," anasema Mama. Baba anakohoa kidogo, anasogea upande wake. "Na wale mbuzi wa mwenye mashine ya kusaga. Watatu. Wamelala katikati." Baba anapiga honi, anapunguza mwendo, wala hamwambii ashuke atembee.

Ndilo lililotuchekesha zaidi. Miaka hamsini ya ndoa, tukasema, imemshinda mzee, kasalimu amri. Kaka aliuliza kwenye simu kama Mama amewekewa betri mpya. Mimi, ambaye mdomo wangu hauna breki kama vile Shangazi lenyewe, nilimwambia mbele ya wageni kwamba meno yanapungua maneno yanaongezeka. Mama alicheka pamoja nasi. Tena kila Jumatatu na Alhamisi jioni alijifunga khanga akatoka, anakwenda kunyoosha miguu, mpaka darajani na kurudi. Tukasema uzee umemjia na ujana ndani yake.

Basi Jumapili moja Mama akashikwa na mafua, na kufikia Jumatatu alikuwa amelazwa na homa, sauti imekauka kabisa. Jumanne asubuhi nilimkuta ameketi kitandani anatafuta viatu. Nilimwambia haendi popote, nitapanda mimi nikasaidie kushusha magunia. Akanishika mkono kwa nguvu ambayo mgonjwa hastahili kuwa nayo, akaninong'oneza, "Usinyamaze njiani." Nikamwambia sawa, nikamfunika blanketi, nikajua ni homa inayosema.

Nikapanda, nikafunga waya wa mlango, nikanyamaza. Nimelelewa hivyo. Asubuhi ilikuwa nzuri, jua limetoka nyuma yetu, viazi vimejaa hadi juu. Baba aliendesha taratibu kuliko nilivyozoea, kichwa amekiinamisha kidogo upande wangu, kama mtu anayengoja kitu. Tukapita mashine ya kusaga. Tukavuka daraja. Mbele yetu, hatua mia hivi, nikaona watengenezaji wa barabara wamemwaga kifusi kikubwa chekundu, nusu ya barabara nzima, upande wa Baba.

Nilikiona. Nataka hilo lieleweke. Nilikiona mapema, nikasema moyoni sasa atakwepa. Hatua hamsini, nikasema anapenda kukwepa karibu. Hatua ishirini, nikayatazama maandishi ya Babu, nikautazama uso wa Baba, umetulia, macho yako wazi. Mtu anamwambiaje dereva wa nusu karne kwamba kuna kilima mbele yake? Nilipofungua mdomo hatimaye, gurudumu la mbele lilikuwa limeshapanda.

Shangazi likainuka upande mmoja, likanguruma, likazima. Gunia la juu likapasuka, viazi vikaanza kubingirika barabarani. Na nyuma ya kifusi akainuka kijana mmoja wa barabara ambaye alikuwa ameketi pale anafunga kamba ya kiatu. Bampa lilikuwa limesimama karibu naye kiasi kwamba angeweza kuliegemea. Alikuja dirishani kwa Baba. Hakutukana. Afadhali angetukana.

"Mzee, hukuniona?" aliuliza.

"Jua," Baba akasema. "Lilinipiga machoni."

Yule kijana aligeuka akalitazama jua, lililokuwa nyuma yetu. Kisha akanitazama mimi, akatikisa kichwa, akaenda kuokota viazi pamoja na wenzake. Nilishuka nikaokota nao. Niliporudi Baba alikuwa bado ameshika usukani kwa mikono miwili, na ninamwona hivyo hadi leo, mzee mkubwa wa watu, ameng'ang'ania usukani wa gari lililosimama.

"Pilipili," akasema polepole. "Sema kitu."

"Niseme nini, Baba?"

"Chochote. Unachokiona. Mama yako huwa anasema."

Hapo ndipo nilipoelewa. Siwezi kueleza vizuri jinsi moyo ulivyoniuma, na pia jinsi nilivyokasirika, vyote pamoja. Nikamwambia ashuke niendeshe mimi. Akakataa. Akasema akishuka hapa, mbele ya vijana hawa, basi ameshuka moja kwa moja, na akaomba, Baba yangu aliyekuwa haombi, nimwache afike tu. Nilikubali. Lilikuwa kosa la pili asubuhi ile na nalijua. Tulikwenda mwendo wa konokono hadi ghalani, mkono wangu kwenye breki ya mkono, nami natangaza kila shimo na kila kuku kama mtu wa redio. Sikuwa hodari. Nikisema "kuna baiskeli," ananiuliza upande gani, iko mbali au karibu. Mama yako, akasema, hajawahi kuniacha niulize.

Njiani alinieleza. Alikwenda peke yake hospitali ya macho mwaka juzi. Ni presha ya macho, walimwambia, mshipa umekufa, na kilichokwisha kupotea hakirudi. Sasa anaona mwanga na giza, na ukingo wa vitu siku nzuri. Barabara anaijua kwa mwili: hapa inainama, hapa kuna daraja linalolia chini ya matairi. Mengine huyapata kwa Mama.

"Lakini mama yako hajui," akasema. "Yeye anaongea tu, kaota maneno uzeeni. Mimi huokota njia humo humo ndani ya maneno yake. Usimwambie, mwanangu. Akijua amepanda gari la kipofu miaka miwili, hatapata usingizi tena."

Tulipofika nyumbani niliingia moja kwa moja chumbani kwa Mama. Alikuwa macho. Hakuuliza habari ya viazi wala ya mjini. Alininyoshea shingo akaninong'oneza, "Kuna kitu kipya barabarani? Jana sikuweza kwenda kutazama."

Nikakaa chini. Sikukaa kitini, nilikaa sakafuni. Kumbe zile jioni za kunyoosha miguu alikuwa anakwenda kuikagua barabara. Kila Jumatatu, kila Alhamisi, shimo jipya, tawi lililoanguka, kifusi, akarudi nayo kichwani ampangie Baba maneno ya kesho yake. Na kifusi kile kilimwagwa siku ileile aliyolala na homa.

Aliponiona nalia alinipapasa kichwa. Kisha akaniambia nisimwambie Baba kwamba yeye anajua. Alisema Baba alimvunja Babu kwa ufunguo ule na hajajisamehe, na siku atakayojua kwamba mkewe anamwongoza, ataingia chumbani kama Babu alivyoingia, na yeye hana nguvu ya kuishi na mtu anayetazama ukuta.

Basi nikawa nimebeba siri mbili zinazofanana, moja ya kila mmoja, na wote wawili wakinitazama kwa macho ya kuomba. Jumanne ikapita, Jumatano ikapita. Yule kijana wa kamba ya kiatu hakuniondoka akilini. Alikuwa mtoto wa mtu. Kaka nilimnyima habari, kwa sababu Kaka angekuja na winchi.

Alhamisi baada ya chakula cha mchana tulikuwa watatu mezani, Baba anapukuchua maharage kwa vidole, ambavyo havihitaji macho. Sauti ya Mama ilikuwa imerudi nusu, ya kukwaruza. Akainuka, akachukua khanga, akasema anakwenda kunyoosha miguu kidogo. Bado alikuwa anakohoa.

"Mama, kaa," nikasema.

Akasema hachelewi.

"Kaa chini, Mama. Baba haoni, na wewe unajua haoni. Baba, Mama anajua. Amejua muda wote. Jumanne tulikaribia kumuua mtu, na aliyenyamaza ni mimi. Sitanyamaza tena."

Sikusema kwa upole. Ningependa kukwambia nilisema kwa upole, lakini nilisema kama ninavyosema mambo yangu yote, na mwisho nikapiga meza, maharage yakaruka. Baba aliacha kupukuchua. Mama alikaa taratibu, khanga mapajani. Nilingoja Baba ainuke aende chumbani. Niliusikiliza mlango wa chumba chake kabla hata hajausogelea.

Baba hakuinuka. Aligeuza uso upande ambao Mama alikuwa amekaa.

"Tangu lini?" akauliza.

Mama alifikiri. "Tangu siku ile uliposimama kulisalimia tangi la maji la jirani. Ukaliuliza habari za watoto."

Kisha Baba akasema kwamba siku ile alitazama huku na huku, akadhani hakuna aliyemwona. Mama akasema alikuwa dirishani. Baba akauliza kama tangi lilijibu, na mabega yake yakaanza kutikisika, na Mama naye, wakacheka wote wawili hadi Mama akashikwa na kikohozi. Mimi sikucheka. Nilikuwa bado nautazama mlango wa chumba.

Kicheko kilipoisha Baba alikunja vidole kimoja kimoja. Nilimwona anahesabu kitu, akirudi nyuma safari moja moja.

"Kwa hiyo yale maneno yote," akasema. "Fundi cherehani. Mbuzi. Yule mama wa shule na mwavuli wake."

"Ndiyo," Mama akasema.

"Miaka miwili. Wewe, ambaye tulipochumbiana nilidhani ni bubu."

Mama aliokota maharage yaliyoruka.

"Umechoka?"

Nilidhani atakataa. Mama hukataa mambo hayo: hachoki, hana njaa, haumwi. Aliikunja khanga yake mara mbili mapajani, akainyoosha.

"Nimechoka, mzee wangu," akasema. "Nimechoka sana. Usiku uliotangulia safari huwa silali, napanga niseme nini wapi. Koo linaniuma tangu mwaka jana. Na watoto wananicheka."

Hilo la mwisho alilisema bila lawama, na ndiyo sababu lilinichoma. Nilifungua mdomo niombe radhi, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu hakukutoka kitu. Nilimwona Mama wa zamani, yule wa ndiyo na hapana, akiwa amejificha miaka miwili nyuma ya mazungumzo yaliyokuwa yanamuumiza, na mimi nikimtania mbele ya wageni kuhusu meno yake.

Baba alinyoosha mkono kumtafuta. Ulipita pembeni, ukagusa mgongo wa kiti, ukarudi, ukapata bega. Aliuacha pale. Kwa mkono mwingine alitoa ufunguo kwenye mfuko wa shati, akauweka mezani. Nilidhani atausukuma kwangu. Aliusukuma kwa Mama.

"Mimi nilikuwa nashika usukani tu," akasema. "Aliyekuwa anaendesha ni wewe. Mpe unayemtaka."

Mama aliutazama ule ufunguo. Kisha akaninyoshea, akinitazama usoni, na nikaupokea kwa mikono miwili. Baba alirudi kwenye maharage yake. Jioni alitoka akaenda mwenyewe hadi kwenye kabichi, akipapasa njia kwa fimbo hadharani kwa mara ya kwanza, akiwagombeza vibarua kwamba wamefunga magunia kilegevu.

Ijumaa tuliondoka asubuhi. Mimi kwenye usukani, Baba katikati, Mama mlangoni. Shangazi lilinijaribu kama mgeni, likazima mara mbili getini, na Baba akanifundisha tena klachi ambayo aliwahi kunifundisha zamani, akitumia maneno yaleyale makali. Nilimjibu kwa ukali uleule. Ukweli ni kwamba nilikuwa na furaha kuliko ninavyoweza kusema.

Kwa fundi cherehani vitambaa vilikuwa barabarani. Nilikwepa. Kwenye mashine ya kusaga mbuzi walikuwa wamelala katikati, wanne sasa. Nikapiga honi, nikangoja. Kutoka mlangoni hakukuja neno. Tulivuka daraja, tukapita kifusi kilichosawazishwa, na vijana wa barabara wakainua mikono, nami nikainua wangu. Watoto wa shule walikuwa wametapakaa kila upande na sare zao.

Baba aliinamisha kichwa upande wa Mama, akasikiliza. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, karibu kwa haya, "Mama watoto, kuna nini huko nje?"

Mama alitazama dirishani. Aliona yote, nilimwona akiyaona.

"Barabara tu, mzee wangu," akasema.

Baba akaitikia kwa kichwa, akamshika mkono. Kabla hatujafika kwenye lami Mama alikuwa amelala, kichwa begani kwake, mdomo wazi kidogo. Nilipunguza mwendo kwenye mashimo asije akaamka.